Maji Yaliyofungwa: Tarikhi ya Uvundo kutoka Kitangiri hadi Tangi la Samaki

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega hufika Misigiri, mahali inapochepuka njia ya Kiomboi, na akiishika njia hiyo ataingia katika mji mdogo ulio makao makuu ya Wilaya ya Iramba, juu ya nchi iliyoinuka, yenye mawe mengi na upepo mkavu wa kiangazi; lakini akiendelea na njia kuu bila ya kuchepuka, atateremka mlima wa Sekenke, ambako Wajerumani walichimba dhahabu iliyokwenda kufuliwa Tabora mwaka 1916 kuwa sarafu za rupia 15, hata afike Shelui na kuiona mbele yake mbuga ya Wembere, tambarare isiyo na ukomo machoni. Baina ya nchi hizi mbili, ile ya juu ambayo maji huikimbia na ile ya chini ambayo maji huifurikia masika na kuitoroka kiangazi, imo tarikhi ambayo waandishi wetu wameipita kwa haraka, kwa kuwa wengi huandika juu ya maji yanapokosekana, na wachache mno huandika juu ya maji yanapokuwapo na yakaharibika. Muradi wangu ni huo wa pili: uvundo wa maji yaliyofungwa, chanzo chake, na jinsi watu walivyojifunza kuutafuta na kuuondoa, tangu kandokando ya Ziwa Kitangiri hata katika chombo cha kioo ambacho leo huwekwa sebuleni kikaitwa tangi la samaki.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba maji ya huku hayaendi baharini. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley, akitoka Bagamoyo kwenda Nyanza, alipita katika nchi za Waturu na Wanyiramba, na alipoona vijito vikielekea kaskazini alikata shauri kwamba amefika kwenye chimbuko la mbali kabisa la Mto Naili. Haikuwa hivyo. Maji ya Wembere na ya Manonga hujikusanya katika mbuga, yakaingia Ziwa Kitangiri, na yakizidi hutoka kwa Mto Sibiti kwenda Ziwa Eyasi, na huko safari yao hukoma, kwani Eyasi halina mlango ila ule wa jua. Wajerumani nao, kabla ya vita vya 1914, walifanya mpango wa kuyaleta maji ya Nyanza katika mbuga hiyo hiyo ili kumwagilia pamba. Basi mgeni wa kwanza alidhani Wembere inaipa Nyanza maji, na wa pili akataka Nyanza iipe Wembere, na Wembere yenyewe haikupata wala haikutoa. Nchi ya namna hii, ambayo kila kilichoingia majini hubaki majini, ni madrasa njema kwa mtu atakaye kujua uvundo hutoka wapi.

Kitangiri ni ziwa la kina kifupi, na kwa sababu lina njia ya kutokea, maji yake hayakupata kuwa ya magadi makali kama ya Eyasi. Wavuvi wa Tulya na vijiji vya jirani hutoa humo perege na kambare, na samaki hao, wabichi na wakavu, hupanda mlima hata masoko ya Kiomboi na Singida. Atazame mtu mchuuzi mzoefu anaponunua: haulizi samaki amevuliwa lini, maana ajua jibu atakalopewa, hulifunua shavu kwa kidole gumba, akatazama kama matamvua ni mekundu au yamekuwa ya kahawia, akaminya nyama ya mgongoni kuona kama shimo la kidole linarudi, ndipo akanusa. Pua ni shahidi wa mwisho. Shombo ya samaki mbichi haimshughulishi, kwa kuwa ndiyo harufu ya kazi yake. Anachotafuta ni harufu ya pili iliyojificha nyuma ya ile ya kwanza, ambayo ikiwapo, hata kidogo, bei huvunjika au biashara huachwa.

Mwisho wa kiangazi, maji yanapopungua na mifugo inapoingia kunywa, kinyesi na majani yaliyooza huchanganyika na tope, na jua likakaza, maji huvunda. Hapo perege huonekana juu, midomo wazi, wakihema kana kwamba wanakunywa upepo, na baada yake huelea wamekufa. Ilhali kambare, ambaye juu ya matamvua yake Mwenyezi Mungu amemjalia kiungo chenye matawi cha kuvutia hewa ya juu, hubaki katika tope lile lile akiwa hai na mnene. Tofauti hii baina ya samaki wawili wa ziwa moja yatosha kufundisha asili ya uvundo kuliko vitabu vingi. Kinachomuua perege si harufu. Ni kutoweka kwa oksijeni iliyoyeyuka majini, iliyoliwa na vijidudu vinavyokula uozo, na harufu ni habari tu kwamba mlo huo umekwisha anza. Oksijeni ikiisha kabisa, vijidudu vya aina nyingine, visivyoihitaji, hushika zamu, navyo hutoa hewa ile yenye harufu ya mayai viza, ambayo mwanakemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliieleza mwaka 1777, na ambayo huligeuza tope kuwa jeusi na pete ya fedha kuwa na kutu nyeusi.

Pembeni ya ziwa na mito, katika madimbwi ya mbuga ambayo huishi miezi michache tu ya masika, mna viumbe vilivyofanya mkataba mwingine na uvundo. Katika mbuga za Tanzania ya kati, kama ilivyo pwani na Unguja, huishi visamaki vidogo vya jamii ambayo wataalamu huiita Nothobranchius, madume yake yamepambwa rangi nyekundu na buluu, nao hutaga mayai ndani ya tope. Dimbwi likikauka wazazi hufa wote, na mayai hulala katika udongo uliopasuka hata mvua ya mwaka wa pili iyaamshe. Yule wa Unguja alipewa jina la kitaalamu mwaka 1893, na hatimaye Wazungu wapendao kufuga samaki walijifunza kupelekeana mayai yake kwa posta, yamefungwa katika udongo mbichi wa mboji. Ni ajabu kwamba samaki aliyezoea dimbwi linalooza, akitiwa katika kioo safi cha Ulaya, hufa upesi kwa maji machafu. Lakini dimbwi la mbuga lina jua, upepo na majani, na kioo hakina ila kile alichotia mwenyewe.

Hapa sina budi kuhama Iramba kwa kitambo, nikaingia London, kwa maana huko ndiko uvundo wa tangi la samaki ulikotafutwa kwa mara ya kwanza kwa utaratibu wa kisayansi. Mwanakemia Robert Warington alitwaa chombo cha galoni 12, akatandaza mchanga, tope na mawe, akapanda majani ya majini yaitwayo Vallisneria, akatia samaki wawili wa dhahabu. Hoja yake ilikuwa nyepesi na ya haki: majani hutoa oksijeni ambayo samaki huivuta, na samaki hutoa hewa na taka ambazo majani huzila, hivyo hapana haja ya kubadili maji kila siku kama watu walivyokuwa wakifanya katika bakuli. Mambo yakaenda vyema kwa muda, kisha majani ya zamani yakaanza kufa, yakaoza chini, maji yakawa na ukungu, ukoga wa kijani ukatanda juu ya kioo, na samaki wakawa mashakani.

Mtu mwingine angelimwaga maji yote akaanza upya, na kwa kweli wengi hufanya hivyo hata leo. Warington hakufanya. Alijiuliza ni kiumbe gani katika bwawa la asili afanyaye kazi ambayo katika chombo chake haifanywi na mtu, akatia konokono watano au sita wa bwawani, nao wakala majani yaliyooza na ukoga, maji yakarudi kuwa maangavu, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Habari hii aliisoma mbele ya Jumuiya ya Wanakemia mwaka 1850. Kwa rai yangu, konokono wale wanastahili nafasi kubwa zaidi katika tarikhi ya elimu kuliko waliyopewa, kwa sababu walibainisha kwamba tangi halihitaji viumbe wawili tu, mtoaji na mpokeaji, bali lahitaji na wa tatu, mla uozo, na asipokuwapo huyo, uvundo ni wajibu.

Baada ya hapo mambo yakawa mtindo. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote, mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholieneza jina la chombo hicho, na kila sebule ya mwenye nafasi ikataka kuwa na kioo chake. Wengi walijaza samaki kupita kiasi, wakawalisha kwa mapenzi kupita kiasi, na kabla ya miaka ya 1860 kwisha vyombo vile vingi vilikwisha tupwa, kwa kuwa hakuna mapenzi yavumiliayo maji yaliyovunda katika chumba cha kupokelea wageni. Nao mji wenyewe ulikuwa katika hali ile ile, kwani kiangazi cha mwaka 1858 Mto Thames ulinuka kwa maji taka hata wabunge wakatundika mapazia yaliyoloweshwa dawa ya chokaa madirishani, kisha wakapitisha fedha za kujenga mifereji. Wala Waafrika wa Mashariki hatuna la kuwacheka: Livingstone alipofika Unguja mwaka 1866 alikuta uvundo wa pwani ya mji umekithiri hata akalifanyia mzaha jina la Zanzibar, na ilibidi zije zama za Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndipo maji safi ya chemchemi yakaletwa mjini kwa mabomba.

Konokono, hata hivyo, hawakuwa jibu lote. Taka ya samaki yenyewe, ile ya majimaji, haionekani wala konokono hawaili. Nayo hutoa amonia, ambayo ikiwa kidogo pua ya mwanadamu haiihisi, na samaki hufa ndani ya maji meupe yasiyonuka, na mwenyewe akashangaa. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu ya mji polepole katika mrija mrefu uliojazwa mchanga na chokaa, wakangoja. Kwa siku 20 hivi hakukubadilika kitu. Kisha amonia ikaanza kutoweka na mahali pake pakawa na chumvi isiyo na madhara makubwa, na walipovukiza mrija kwa klorofomu kazi ile ikasimama, ikawa dhahiri kwamba ndani ya mchanga mna viumbe hai. Mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky akavitenga viumbe hivyo. Siku 20 zile ndizo zinazomsumbua hadi leo kila mtu anunuaye tangi na samaki siku moja: mchanga wake haujapata wenyeji.

Nisomapo habari ya mrija ule, sikosi kukumbuka mito ya mchanga ya nyanda zetu za kati. Kiangazi mto ukikauka, wanawake huchimba shimo katika mchanga, maji ya kwanza yanayochuruzika, yenye vumbi na harufu ya majani, huyakomba kwa kata wakayamwaga, wakangoja, na ya pili na ya tatu ndiyo hutiwa ndooni. Hawakumsoma Schloesing. Walijua kwamba maji yaliyopita mchangani yanakuwa mengine kuliko yale yaliyokaa kwenye lambo mita chache kutoka hapo, ambayo ng'ombe wameyakanyaga. Adabu yao ya kumwaga maji ya kwanza ni hikma ambayo wauzaji wa vichujio wangeliiandika kwa herufi kubwa juu ya maboksi yao.

Serikali nayo ilijifunza kwa gharama. Ufugaji wa perege katika mabwawa ya kuchimbwa ulianza kujaribiwa Tanganyika mwaka 1949, Korogwe katika Tanga na Malya katika Mwanza, na Malya si mbali sana na upande wa pili wa Wembere. Kazi ikaenea, hata mwaka 1968 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likahesabu mabwawa 8,000 nchini. Lakini mengine yalikuwa na eneo la mita 20 za mraba tu, mengi yalikauka, na mengi yalikosa utunzaji hata yakaachwa. Bwawa dogo lenye kina kifupi hupata moto upesi, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na mfugaji atupaye pumba asubuhi na jioni bila kutazama kama ya jana imeliwa, huwa analisha tope. Samaki wa bwawa la namna hiyo, hata asipokufa, huwa na ladha ya udongo, itokanayo na kitu ambacho vijidudu fulani vya tope hukitengeneza, na ambacho wanasayansi wa Marekani walikipa jina la geosmini mwaka 1965. Dawa yake ni kumweka samaki siku kadhaa katika maji safi yanayotembea kabla ya kumvua. Na mama wa jikoni anayemkamulia perege ndimu kabla ya kumkaanga anafanya jambo la haki kabisa, kwa maana ukali wa ndimu huivunja geosmini.

Sasa nirudi kwenye kioo cha sebuleni, ambacho siku hizi kipo katika nyumba, ofisi na mahoteli ya Mwanza, Arusha na Dar es Salaam, na hakitachelewa kupanda Sekenke. Chombo kikianza kunuka, mwenye nacho aanze na kuwahesabu samaki wake, maana aghalabu mmoja amekufa nyuma ya jiwe au chini ya kichujio, na maiti mdogo wa samaki hutosha kuharibu maji mengi. Wakitimia wote, anuse vizuri, tena baada ya kutoka nje kwanza, kwa kuwa pua iliyokaa chumbani huzoea na kuacha kusema. Ikiwa ni harufu ya mayai viza, uovu uko chini: achomeke kijiti taratibu katika changarawe, na kikitoa mapovu na rangi nyeusi, atwae mpira wa kunyonyea, asafishe sehemu moja leo na nyingine juma lijalo, wala asipindue sakafu yote kwa mara moja, kwani sumu iliyolala huamka pamoja na tope. Ikiwa ni ukali wa zizi, chakula ni kingi au samaki ni wengi. Ikiwa ni harufu ya udongo uliopata mvua, aondoe majani yaliyokufa na ukoga wa buluu-kijani, na samaki hawamo hatarini.

Kichujio kina fitina yake. Umeme ukikatika saa kadhaa, maji ndani ya kichujio kilichofungwa husimama, vile viumbe vya Winogradsky vikakosa pumzi vikafa, na umeme unaporudi mtambo humwaga uozo huo ndani ya tangi kwa nguvu. Hivyo katika nchi yenye mgao wa umeme yafaa mwenye tangi akifungue kichujio na kukisuuza kabla ya kukiwasha tena. Akisuuze kwa maji ya tangi lenyewe aliyoyateka ndooni. Maji ya bomba yana klorini iliyotiwa makusudi kuua vijidudu, nayo haichagui. Kisha abadili theluthi ya maji, ayaache maji mapya ya bomba yalale siku nzima katika ndoo iliyo wazi kabla ya kuyatia, apunguze chakula, na aongeze mapovu ya hewa. Wapo wanaotia manukato ya dukani ndani ya maji, au kuwasha udi pembeni. Watu wa mwambao, ambao ni mabingwa wa jambo hili, hufukiza mitungi yao ya maji kwa ubani, lakini mtungi huoshwa kwanza, ukasuguliwa, ukakauka, ndipo moshi ukaingia. Anayefukiza mtungi mchafu hapati sifa kwa mtu yeyote Unguja wala Lamu.

Kwa wenzetu wa Iramba ambao siku hizi wanachimba mabwawa ya perege kwenye miteremko ya vijito, ombi langu ni moja na si la elimu kubwa. Kabla ya kwenda kununua vifaranga vya samaki, chimbeni bwawa lenye kina cha kutosha, mlipe mteremko upande mmoja, na mtie bomba la kutolea maji chini kabisa, mahali pa tope, wala si juu, ili siku maji yatakapovunda mfungue na kulitoa tope lenyewe. Kwa kuwa bwawa lisilo na mlango wa chini ni Eyasi dogo, na Eyasi tunalo moja tayari.